Utungaji wa ngano darasani kwa teknolojia

Utungaji wa ngano darasani kwa teknolojia ni njia ya kufundishia ambamo wanafunzi husikiliza ngano, huzisimulia upya au hutunga zao wenyewe, kisha huzirekodi, huzichora, huziandika na kuwashirikisha wengine kwa kutumia vyombo kama kinasa sauti, simu, kishikwambi, kompyuta au projekta. Hutumika zaidi katika shule za msingi, hasa katika masomo ya lugha na sanaa.

Njia hii ni tawi la usimulizi wa kidijitali, lakini ina jambo lake la pekee. Hadithi nyingi za kidijitali ni visa vya maisha ya msimulizi mwenyewe. Ngano ni mali ya jamii: haina mtungaji mmoja anayejulikana, na huishi kwa kusimuliwa tena na tena katika matoleo yanayotofautiana. Chombo cha kurekodi hushika toleo moja tu na kulifanya lionekane kuwa ndilo sahihi. Kwa hiyo ufundishaji wa aina hii hupimwa kwa swali moja kubwa: je, mtoto anatoka darasani akiwa msimulizi, au anatoka akiwa ametengeneza faili tu?

## Ngano na mazingira yake

Katika fasihi simulizi, ngano ni hadithi ya kubuni inayosimuliwa kwa mdomo na msimulizi, aitwaye fanani, mbele ya wasikilizaji, waitwao hadhira. Aina zake ni pamoja na:

* khurafa, ambazo wahusika wake ni wanyama wanaotenda kama watu;
* ngano za usuli, zinazoeleza asili ya jambo, kwa mfano kwa nini fisi huchechemea;
* ngano za mazimwi, zenye majitu yanayokula watu;
* ngano za hila, ambamo mdogo humshinda mkubwa kwa ujanja, kama zile za Sungura na za Abunuwasi.

Usimulizi wa ngano una utaratibu wake. Katika pwani ya Afrika Mashariki fanani huita "Paukwa", na hadhira huitikia "Pakawa". Mahali pengine huita "Hadithi, hadithi" na kujibiwa "Hadithi njoo". Katikati huwa na nyimbo zinazorudiwa, sauti za wanyama, maswali kwa wasikilizaji na ishara za mwili. Mwishoni fanani hufunga kwa maneno maalumu. Fomyula moja iliyozoeleka pwani husema kwamba hadithi ikiwa nzuri ni ya wote, na ikiwa mbaya ni ya msimulizi peke yake.

Kwa desturi ngano zilisimuliwa jioni, kazi za mchana zikiisha, na mara nyingi msimulizi alikuwa bibi au babu. Kuhamia mijini, shule za bweni na televisheni vimepunguza nafasi hiyo. Watoto wengi sasa hukutana na ngano kwa mara ya kwanza katika kitabu cha kiada, ambako hufuatwa na maswali ya ufahamu. Msomaji wa kitabu hupata kisa na funzo lake, lakini hapati wimbo, kiitikio wala nafasi ya kusimulia. Pengo hilo ndilo ambalo walimu wengi hujaribu kuliziba kwa kutumia vyombo vya sauti na picha.

## Historia

### Mashine ya uchapaji

Wazo la kumpa mtoto chombo cha kutoa kazi yake mwenyewe lilikuwepo kabla ya kompyuta. Mwaka 1924 mwalimu Célestin Freinet aliingiza mashine ndogo ya uchapaji katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Wanafunzi walitunga matini zao, darasa likachagua moja, wakaisahihisha pamoja, kisha wakapanga herufi na kuichapa. Karatasi hizo zilitumwa kwa posta kwa shule ya Trégunc katika mkoa wa Bretagne, ambayo nayo ilituma zake. Kwa njia hiyo mtoto aliandika akijua kuwa kuna msomaji wa kweli anayesubiri, tofauti na insha inayoishia mezani kwa mwalimu.

### Mkusanyo wa shule za Ireland

Kati ya miaka 1937 na 1939 Tume ya Ngano na Mapokeo ya Ireland iliomba shule za msingi zishiriki kukusanya mapokeo ya nchi. Watoto wapatao 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000 waliwauliza wazazi, mababu na majirani zao, wakaandika walichosikia katika madaftari. Kazi hiyo ilitoa takriban kurasa 740,000, ambazo sasa zimewekwa mtandaoni katika tovuti ya dúchas.ie. Teknolojia ya wakati ule ilikuwa kalamu na daftari, lakini mpangilio wake ungali kielelezo: mtoto hutumwa nyumbani kwa mzee, hurudi na kisa, na kisa hicho huhifadhiwa pamoja na jina la aliyekisimulia.

### Redio na kinasa sauti

Nchini Tanzania vizazi kadhaa vya watoto vilisikia ngano kupitia kipindi cha *Mama na Mwana* cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kilichohusishwa sana na sauti ya mtangazaji Debora Mwenda. Redio ilirudisha sauti ya fanani ambayo kitabu hakikuwa nayo. Hata hivyo, msikilizaji hakuweza kubadilisha kisa wala kuingiza chake.

Kinasa sauti kiligeuza mwelekeo huo. Mwaka 1966 wanafunzi wa shule moja huko Rabun Gap, jimbo la Georgia nchini Marekani, walianzisha jarida la *Foxfire*. Waliwahoji wazee wa milima ya Appalachia kuhusu kazi, imani na visa vya zamani, na mwaka 1972 makala zao zilikusanywa katika kitabu.

### Kompyuta na intaneti

Usimulizi wa kidijitali kwa maana ya sasa ulianzia California katika miaka ya 1990. Mwaka 1994 Joe Lambert, Dana Atchley na Nina Mullen walianzisha mjini San Francisco kituo kilichokuja kujulikana kama Center for Digital Storytelling, na sasa StoryCenter. Katika warsha zake mshiriki hutengeneza filamu ya dakika chache kwa picha tulivu na sauti yake mwenyewe. Walimu wa nchi nyingi walichukua mtindo huo na kuupeleka madarasani.

Mwaka 2007 Media Lab ya chuo cha MIT ilitoa kwa umma Scratch, lugha ya kuandikia programu kwa kuunganisha vipande kama matofali. Mtoto anaweza kumfanya Sungura atembee, aseme na kuimba kwenye skrini. ScratchJr, iliyokusudiwa watoto wadogo wasiojua kusoma vizuri, ilifuata mwaka 2014.

### Vitabu huria vya hadithi

Mwaka 2014 taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ilizindua African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya hadithi zenye picha kwa watoto wa Afrika. Majaribio yake ya kwanza yalifanyika Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini. Mtumiaji anaweza kusoma hadithi, kuitafsiri, kuibadilisha au kutunga mpya kwa kutumia hazina ya michoro iliyomo. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake nyingi. Hadithi hupangwa kwa ngazi tano, kuanzia zenye maneno machache kwa ukurasa hadi zile ndefu za kusomewa na mtu mzima.

Tarehe 8 Septemba 2015, siku ya kimataifa ya kisomo, shirika la Pratham Books la India lilifungua StoryWeaver, jukwaa linalofanana na hilo. Shirika la SIL nalo hutoa Bloom, programu ya kutengenezea vitabu vya hadithi katika lugha zenye maandishi machache, ambayo hufanya kazi hata pasipo intaneti.

## Vyombo vinavyotumika

Chombo kinachofaa hutegemea umri wa watoto, idadi yao na hali ya shule.

* Simu ya mkononi au kinasa sauti. Hutosha kwa kurekodi usimulizi wa mdomo. Ndicho chombo kinachopatikana kwa wepesi zaidi, na kwa ngano ndicho kilicho karibu zaidi na asili yake.
* Kamera ya simu. Hupiga picha michoro ya watoto. Michoro ya penseli na kalamu za rangi iliyowekwa karibu na dirisha, bila kivuli cha mpiga picha, hutoa picha safi.
* Kishikwambi na kompyuta. Huunganisha sauti, picha na maandishi. Nchini Kenya serikali ilianza mwaka 2016 kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma. Nchini Tanzania vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu.
* Projekta na spika. Hurudisha hadhira. Darasa zima hutazama na kuitikia pamoja, jambo lisilowezekana kila mtoto anapojiinamia na skrini yake.
* Programu za kutengenezea vitabu na katuni. Kati ya hizo ni Bloom, Scratch na sehemu ya utungaji ya African Storybook.

Vyombo hivi hutofautiana pia kwa namna vinavyoheshimu tabia ya ngano. Scratch na African Storybook humruhusu mtoto kuchukua kazi ya mwenzake, kuibadilisha na kuitoa upya huku jina la wa kwanza likibaki. Huo ni utaratibu ulio karibu na wa ngano, ambayo kila fanani huiongeza au huipunguza. Filamu iliyokwisha kufungwa haitoi nafasi hiyo.

## Hatua za ufundishaji

Kanuni inayofuatwa na walimu wengi ni kwamba mdomo hutangulia, mchoro hufuata, na mashine huja mwisho. Mtoto anayewekewa kishikwambi mbele yake kabla hajawa na kisa hutumia kipindi kizima kuchagua rangi na sauti. Hatua za kawaida ni hizi:

1. Kusikiliza. Mwalimu, au mzee aliyealikwa, husimulia ngano bila kitabu. Watoto huitikia na kuimba. Kwa kazi ya nyumbani kila mtoto huomba ngano moja kwa mtu mzima wa nyumbani.
2. Kusimulia upya. Wawili wawili, watoto husimuliana walichokisikia. Mwalimu huwaruhusu kuongeza na kupunguza, kisha darasa hulinganisha matoleo na kujadili kilichobaki vilevile na kilichobadilika.
3. Kuchambua muundo. Darasa hutambua mwanzo, tatizo, majaribio, suluhisho na mwisho. Mwaka 1928 mtaalamu wa Kirusi Vladimir Propp alionyesha kwamba ngano za ajabu za Kirusi hujengwa kwa matukio 31 yanayofuatana kwa utaratibu. Mwandishi wa Kiitalia Gianni Rodari, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu sanaa ya kubuni hadithi, alieleza namna kadi zilizotokana na kazi ya Propp zinavyoweza kutumiwa na watoto kutunga. Kadi kama hizo hutengenezwa kwa maboksi ya karatasi ngumu.
4. Kutunga. Kikundi hubadilisha jambo moja au mawili: mhusika, mahali, hila au mwisho. Badiliko dogo hufaa kuliko kuanza na karatasi tupu, kwa sababu mtoto huwa na muundo wa kumshika mkono.
5. Kupanga picha. Kisa hugawanywa katika michoro sita hadi minane. Chini ya kila mchoro huandikwa sentensi moja au mbili, na pembeni huonyeshwa palipo na wimbo au kiitikio.
6. Kufanya mazoezi na kurekodi. Kikundi husimulia mara mbili au tatu kabla ya kurekodi. Husimulia wakitazama michoro, si maandishi, ili sauti isigeuke kuwa ya kusoma.
7. Kuunganisha. Sauti na picha hupangwa kwa programu. Kwa watoto wadogo mwalimu au mwanafunzi mkubwa husaidia.
8. Kusikilizana na kushirikishana. Kazi huonyeshwa darasani kwanza, kisha kwa wazazi, na baada ya hapo tu, kama kuna ridhaa, kwa watu wa mbali.

Ubora wa sauti hutegemea mambo madogo. Simu huwekwa umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni na huzimwa mtandao ili isilie katikati. Chumba kilichotandikwa mkeka na kutundikwa kanga au mapazia hupunguza mwangwi. Chini ya bati, mvua huharibu kila kitu, kwa hiyo vikundi hurekodi asubuhi au mvua inapokatika. Dakika mbili au tatu hutosha kwa ngano ya watoto wa darasa la tatu au la nne.

Katika darasa la wanafunzi 60 lenye simu moja, vikundi hupokezana. Kimoja kikirekodi nje ya darasa au katika chumba kingine, vingine huchora, hufanya mazoezi ya wimbo au huandika sentensi za picha.

## Mfano: Kobe na karamu ya ndege

Ngano ya Kobe aliyekwenda karamuni na ndege husimuliwa katika sehemu nyingi za Afrika. Chinua Achebe aliiingiza katika riwaya yake ya *Things Fall Apart* ya mwaka 1958. Kwa ufupi, ndege wanaalikwa mbinguni, na Kobe mwenye njaa anawabembeleza mpaka kila mmoja anampa unyoya. Anapata mbawa na kwenda nao. Njiani anawashauri kila mmoja achague jina jipya la karamuni, naye anajiita "Ninyi Nyote". Chakula kinapoletwa anauliza ni cha nani, wenyeji wanajibu kuwa ni cha "ninyi nyote", naye anakila chote. Ndege wanakasirika na kuchukua manyoya yao. Kobe anajirusha, anaanguka juu ya vitu vigumu, na gamba lake linapasuka. Ndiyo maana hadi leo lina mistari.

Ngano hii hufaa darasani kwa sababu kadhaa. Matukio yake ni machache na hugawanyika vizuri katika picha: njaa, manyoya, safari, majina, karamu, hasira, kuanguka na gamba. Ina nafasi ya wimbo wa kuruka na kiitikio cha ndege. Ni khurafa, ngano ya hila na ngano ya usuli kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwalimu huitumia kufundishia aina zote tatu.

Mabadiliko yanayoweza kutolewa kama kazi ni mengi. Kikundi kimoja kinaweza kuhamisha karamu kutoka mbinguni hadi kisiwani, na Kobe akahitaji mapezi ya samaki badala ya manyoya. Kingine kinaweza kusimulia kisa kwa mdomo wa Kasuku, aliye miongoni mwa ndege waliodhulumiwa. Cha tatu kinaweza kumpa Kobe rafiki mmoja anayekataa kumnyang'anya unyoya, kisha kikaamua gamba linapasuka au la. Kikiamua halipasuki, ngano inapoteza usuli wake, na kikundi kitalazimika kutafuta mwisho mwingine wenye mantiki. Hapo watoto hugundua wenyewe kwamba kila sehemu ya ngano imebeba nyingine.

Kisa hiki pia hufundisha lugha. Hila ya Kobe imesimama juu ya neno moja, "nyote". Mwanafunzi anayejaribu kukisimulia katika lugha ya kwao hulazimika kutafuta neno linaloweza kuwa jina la mtu na papo hapo likamaanisha watu wengi wanaoambiwa. Katika lugha nyingine neno hilo hupatikana kwa urahisi, na katika nyingine hila hulazimika kubadilishwa.

## Suala la lugha

Ngano nyingi za Afrika Mashariki zilizaliwa katika lugha za jamii mbalimbali, na mzee anayezijua huenda hazisimulii vizuri kwa Kiswahili. Sera za shule hutofautiana. Nchini Kenya mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unaruhusu lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, na unataja ubunifu na umilisi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa msingi saba. Nchini Uganda mtaala wa mada ulioanza mwaka 2007 hutumia lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya mwanzo. Nchini Tanzania shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili.

Pale lugha ya darasani inapotofautiana na ya nyumbani, njia inayofaa ni kurekodi mara mbili. Mzee hurekodiwa kwa lugha yake, pamoja na nyimbo zake. Kisha mtoto husimulia kisa hichohicho kwa Kiswahili, akiacha wimbo katika lugha ya asili. Faili zote mbili hutunzwa pamoja. Mtoto hupata mazoezi ya tafsiri, na jamii hubaki na sauti ya mzee hata baada ya yeye kuondoka.

## Kushirikishana, haki na faragha

Jambo linaloonekana jepesi kuliko yote, yaani kuweka kazi mtandaoni, ndilo lenye madhara yasiyorudishika likifanywa bila fikra. Mambo matatu hutakiwa kutenganishwa.

La kwanza ni haki ya jamii juu ya ngano. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inahusu pia sanaa za jadi, zikiwemo hadithi za mapokeo. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria maalumu ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Katika ngazi ya Afrika kuna Itifaki ya Swakopmund, iliyopitishwa chini ya shirika la ARIPO mwaka 2010. Zaidi ya sheria, kuna ngano ambazo jamii yenyewe haipendi zisikike nje, kwa mfano zile za jandoni na unyagoni. Mwalimu huuliza kabla ya kurekodi, si baada.

La pili ni haki ya msimulizi na ya mtoto mtunzi. Majukwaa huria hutumia leseni za Creative Commons. Hadithi nyingi za African Storybook zina leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzitafsiri, kuzibadilisha na hata kuziuza, mradi amtaje mwenye kazi. Leseni hiyo inalingana na desturi ya ngano kwa kuruhusu matoleo mapya, lakini mzazi na mzee aliyesimulia wanastahili kuelezwa maana yake kwa lugha wanayoielewa. Inafaa kila kazi itaje nani alisimulia, wapi, mwaka gani, na watoto wa darasa lipi walioitunga upya.

La tatu ni faragha ya mtoto. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ridhaa ya mzazi au mlezi hutakiwa kabla ya sauti au picha ya mtoto kutolewa kwa umma. Ngano ina nafuu hapa: michoro ya Kobe na Kasuku hutosha, na sura ya mtoto haihitajiki. Jina la kwanza, au jina la kikundi, hutosha pia.

Kushirikishana hakulazimu intaneti. Faili huweza kuhamishwa kwa kadi ya kumbukumbu kwenda shule jirani, ambayo husikiliza, hutunga toleo lake na kulirudisha. Huo ni mfano wa Freinet kwa vyombo vya leo. Michoro huweza kushonwa kuwa kitabu cha maktaba ya darasa, na siku ya wazazi watoto husimulia wakiwa wamesimama huku picha zikionyeshwa ukutani.

## Tathmini

Kazi yenye mandhari ya kupendeza na muziki mwingi huvutia macho, na ni rahisi kuipa alama za juu kuliko inavyostahili. Vigezo vinavyofaa huanzia kwenye usimulizi: je, mtoto anaweza kusimulia kisa bila chombo? Je, tatizo na suluhisho vinafuatana? Je, hadhira inapewa nafasi ya kuitikia? Kisha huja matumizi ya lugha, yaani methali, takriri, tanakali za sauti na nyakati za vitenzi. Ushirikiano wa kikundi hufuata, na ustadi wa chombo huja mwisho.

## Changamoto

* Umeme na vifaa. Shule nyingi za vijijini hazina umeme wa uhakika. Simu moja iliyochajiwa kwa paneli ya jua hutosha kurekodi, lakini haitoshi kuhariri kazi za vikundi vyote.
* Muda. Kazi kamili huchukua vipindi vingi, wakati ratiba hufuata mitihani. Baadhi ya walimu huigawa kwa muhula mzima au huipeleka katika klabu za wanafunzi.
* Maudhui ya zamani. Ngano nyingine zina mama wa kambo mkatili, mke mjinga au adhabu za kutisha. Kuzisafisha kimyakimya hupoteza ushahidi wa fikra za wakati wake, na kuzirudia bila mjadala huendeleza dharau. Njia ya kati ni kuhifadhi toleo la mzee kama lilivyosimuliwa, kisha kuwapa watoto nafasi ya kutunga jibu lao.
* Picha za kigeni. Hazina nyingi za picha zilizo tayari zina misitu ya theluji na majumba ya kifalme ya Ulaya. Mtoto anayezitumia huishia kumweka Fisi mahali ambapo hajawahi kuwako. Michoro ya mkono huondoa tatizo hili.
* Akili unde. Programu za akili unde zinaweza kuandika hadithi na kuchora picha kwa sekunde chache. Zinaweza kusaidia kusahihisha tahajia au kupendekeza majina, lakini zikiachiwa utungaji wote huondoa zoezi lenyewe. Pia hazijui ngano ambayo haijawahi kuandikwa popote, na hiyo ndiyo ngano yenye thamani kubwa kwa mtoto kuileta darasani.
* Kugandisha ngano. Toleo lililorekodiwa vizuri huweza kuwafanya watoto wa mwaka unaofuata waliige kama lilivyo. Baadhi ya walimu huzuia hili kwa kucheza rekodi mbili zinazopingana kabla ya kutoa kazi, ili darasa lione tangu mwanzo kwamba hakuna toleo lenye neno la mwisho.

## Tazama pia

* Fasihi simulizi
* Ngano
* Fasihi ya watoto
* Usimulizi wa kidijitali
* Hakimiliki
* Célestin Freinet